Nyumba iliyoona bora ife kuliko kukaa na akina Simpson

Mtu yeyote aliyewahi kukaa sebuleni na ndugu zake usiku wakaangalia muvi ya nyumba yenye mashetani anajua kuna dakika inafika mtu mmoja anapiga kelele kabisa, "si mtoke tu jamani!", manake damu inashuka ukutani, milango inajibamiza yenyewe, mtoto wa miaka sita anaongea kwa sauti ya mzee wa miaka tisini, na familia bado ipo, kesho yake asubuhi wanakunywa chai humo humo kama hakuna kilichotokea. Hilo swali la kwanini hawatoki ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mchekeshaji Mmarekani Eddie Murphy alilifanyia kichekesho jukwaani mwaka 1983 kwenye shoo yake ya Delirious, akawasema Wazungu wa kwenye Poltergeist na The Amityville Horror, muvi mbili za nyumba zenye mashetani, akasema kwa watu weusi hiyo muvi isingefika mbali, sauti ikinong'ona tokeni basi mtu anamwambia mke wake nyumba nzuri lakini ndo hivyo hatuwezi kukaa, mizigo nje.

Miaka saba baadaye ikaja katuni moja fupi, ukitoa matangazo haifiki hata robo saa, ikalijibu lile swali vizuri kuliko muvi yoyote ya kutisha ninayoijua. Inaitwa Bad Dream House. Nimeiangalia mara nyingi sana na kila nikirudia naona kitu kipya, kwahiyo leo naifungua yote kipande kwa kipande.

Kwanza ujue ilipo. Ni stori ya kwanza kati ya tatu kwenye Treehouse of Horror, epizodi ya tatu ya msimu wa pili wa The Simpsons, ile katuni ya familia ya Kimarekani, ilirushwa na televisheni ya Fox huko Marekani tarehe 25 Oktoba 1990, siku chache kabla ya Halloween, sikukuu yao ya kutishana. Aliyeiandika ni John Swartzwelder, yule yule aliyekuja kuandika epizodi 59 za The Simpsons, hakuna mwandishi mwingine aliyefikisha idadi hiyo, na aliyeiongoza ni Wes Archer. Inaanza na Marge, mama wa familia ya Simpson, anatoka kwenye pazia anawaonya wazazi wawapeleke watoto kulala, huo mtindo umechukuliwa kwenye muvi ya Frankenstein ya 1931 ambayo nayo inaanza na mtu anatoka kuwaonya watazamaji. Halafu tunawakuta watoto juu ya kibanda chao cha kwenye mti wanatambiana stori za kutisha, na Homer, baba yao, karudi, kajibanza anasikiliza. Kwahiyo hii stori ya nyumba ni stori ya Bart, mtoto wa miaka kumi anaongea, hilo liweke akilini maana nitalirudia.

Familia inahamia jumba kubwa la zamani. Jamaa anayeshusha mizigo, sauti yake ni ya James Earl Jones, ndiyo, Mufasa mwenyewe (japo Lion King ilikuja 1994, wakati huu dunia ilikuwa inamjua kwa Darth Vader, yule mwovu wa Star Wars). Kashusha fanicha zote, jasho linamtoka, Homer anampa bakshishi ya dola moja. Jamaa anaiangalia ile dola, anasema kwa sauti ile nzito kwamba anafurahi nyumba hii ina laana. Yaani mtazamaji anaambiwa kuna laana na mtu aliyekasirika kwa sababu ya dola moja, na hapo hapo Swartzwelder kashakupa ufunguo wa kisa chote bila wewe kujua: hii stori ni ya hela.

Maana angalia kinachofuata. Wanaingia ndani, jikoni kuna tundu linazunguka kwenye ukuta, ni mlango wa kwenda dunia nyingine. Kwenye muvi za kutisha hilo tundu ndo linammeza mtoto na familia inalia wiki nzima. Homer anachukua chungwa anarusha ndani. Sekunde moja, mbili, karatasi iliyokunjwakunjwa inarudi kutoka upande wa pili, imeandikwa kwamba acheni kutupia takataka zenu kwetu. Mimi hapa huwa nasimamisha video. Hao viumbe wa upande wa pili wana kalamu, wana karatasi, wana lugha, na shida yao na sisi ni ile ile ya jirani anayetupa maganda juu ya ukuta. Kitu kilichowekwa pale kutisha kimeshakuwa ugomvi wa majirani, na tuko dakika ya kwanza tu.

Kuta zinatoka damu, sauti inawaambia watoke, Lisa, dada yake Bart, anasema anahisi kuna uovu mle ndani, vitu vinaanza kuruka. Marge anataka waondoke sasa hivi. Na hapa ndo lile swali la sebuleni linajibiwa, Homer anamwambia mke wake nyumba ina marekebisho kidogo tu, tunaleta mapadri kadhaa humu ndani mambo yanaisha. Kwa Homer shetani yuko kundi moja na bomba linalovuja na bati lililotoboka, kuna fundi wake. Wanabaki kwa sababu nyumba kubwa namna ile kwa bei ile hawataipata tena. Jibu ndo hilo, bei. Ukifikiria kwa makini ndo jibu la kweli la muvi zote zile, ila zenyewe zilikuwa zinaona aibu kulisema.

Na sisemi hivyo kwa kubuni. Rudi kwenye chimbuko. Amityville ni mji kweli, uko Long Island, jimbo la New York. Novemba 1974 kijana mmoja aliua watu sita wa familia yake kwa bunduki ndani ya nyumba yao, wazazi wake wote wawili na wadogo zake wanne, hilo lilitokea na alifungwa. Desemba 1975 familia nyingine ikainunua ile nyumba kwa dola 80,000, jumba kubwa karibu na maji na lina sehemu ya kuegesha boti, na wakajua kabisa kilichotokea mle. Walikaa siku 28 wakakimbia wakisema wameona mambo. 1977 kikatoka kitabu, 1979 ikatoka muvi. Wakili wa yule muuaji akaja kusema baadaye kwamba stori ya mashetani aliitunga pamoja na hao wanunuzi wakinywa divai, wao wakakataa. Mimi siingii kwenye ubishi huo, ninachokuonyesha ni hiki, nyumba maarufu kuliko zote za mashetani Marekani, mlango wa kuingilia stori yake ni bei nzuri. Mtu aliona bei akaingia.

Hata huku kwetu si ndo hivyo. Mtaa niliokulia kulikuwa na nyumba ya vyumba vinne, tiles, geti, kodi yake nusu ya nyumba za jirani, na kila baada ya miezi miwili mitatu unaona kirikuu kinapakia magodoro. Watu walisema ina majini. Lakini haikuwahi kukaa tupu muda mrefu, kila anayetoka kuna anayeingia, na kila anayeingia ameshasikia habari zote dukani kabla hajalipa. Mama yangu alikuwa anasema njaa ya nyumba inamshinda jini.

Turudi kwenye katuni, tumefika usiku. Wamelala, nyumba inaanza kunong'ona kwenye kichwa cha kila mmoja. Sauti ya nyumba ni Harry Shearer, yule anayefanya sauti ya Mr. Burns na Ned Flanders, na kaifanya ile sauti kwa umakini mkubwa, nzito, polepole, hakuna utani ndani yake. Hilo ni muhimu sana. Muziki nao hauchekeshi, aliyeupiga ni Alf Clausen na hii ndo epizodi ya kwanza kabisa aliyoifanyia The Simpsons, kaandika muziki wa muvi ya kutisha ya kweli, ule unaokufanya uvute shuka. Watu wengi wanaotengeneza parodi, yaani kazi za kuiga nyingine kwa utani, wanakosea hapa, wanaweka muziki wa kuchekesha juu ya kitu ambacho tayari kinachekesha, halafu hakuna kinachobaki. Hapa nyumba inaamini kabisa kwamba inatisha, muziki unaiunga mkono, rangi zinaiunga mkono, wanaoharibu ni familia peke yao.

Sasa sikiliza ile nong'ona ya Bart. Nyumba inamwambia wote wako kinyume chako Bart, waue wote. Bart anaamka nusu usingizi anauliza, wewe ni dhamiri yangu? Nyumba inasita. Kuna kimya kidogo pale, sekunde haifiki, halafu inajibu kwa kujikanyaga kwamba eeh, ndiyo, ni mimi.

Sijui kama nimeshaona kichekesho kuhusu kupagawa kilichoingia ndani kama hicho. Stori zote za kupagawa zimesimama juu ya wazo moja, kwamba kuna mtu na kuna kitu cha nje kinachomwingia, na mpaka kati yao uko wazi, hii sauti si yake. Yule mtoto kwa swali moja anaufuta mpaka wote. Yeye hajawahi kusikia dhamiri yake hata siku moja kwahiyo ikija sauti ya kwanza kichwani anadhani ndo yenyewe, na shetani, ambaye alijiandaa kwa upinzani, kwa maombi, kwa kilio, anakutana na mtu anayemkaribisha kwa jina lisilo lake na inabidi adanganye ili asipoteze nafasi. Kuanzia hapo nyumba imeanza kushindwa ingawa yenyewe haijajua.

Basi wote wanachukua visu na mashoka, wanakimbizana wauane. Baba na watoto. Marge naye yuko jikoni na ana kisu mkononi, na mchoraji anakupa muda wa kuogopa kwamba hata mama kaingiliwa, kumbe anaandaa sandwichi. Anawakuta wamesimama na silaha anawagombeza kama alivyokuta watoto wamemwaga maziwa, anasema familia hii imegombana sana lakini vita vya visu hatujawahi kuwa navyo na nailaumu hii nyumba. Wao wanashusha silaha na nyuso zile za aibu. Angalia nyuso, hiyo ni michoro ya mwaka 1990, kazi ya studio ya Klasky Csupo, mistari bado inatetemeka kidogo na macho bado hayajanyooshwa kama ya siku hizi, na mimi naipenda hivyo hivyo, sura za watu waliokuwa wanataka kuuana sekunde tano zilizopita zinatosha kukuonyesha kwamba kuambiwa na mama ni nguvu kubwa kuliko pepo.

Halafu tunashuka chini ya nyumba, makaburi. Nyumba imejengwa juu ya makaburi ya kale ya Wahindi Wekundu. Homer anampigia simu dalali aliyemuuzia, anafoka, hukuniambia! Anasikiliza. Anasema mimi sikumbuki hivyo. Anakata simu anawageukia mkewe na watoto anawaambia, anasema aliniambia mara tano au sita. Ukishawahi kushughulika na madalali kichekesho hiki kinakuuma, kwa sababu hapa kwa mara moja dalali ndo mkweli na mteja ndo alijiziba masikio, aliambiwa makaburi mara tano sita akasikia bei tu. Tena bei.

Kuna utani pale makaburini unaofanya kazi kwa Kiswahili kama unavyofanya kwa Kiingereza, moja ya majiwe limeandikwa Mahatma Gandhi. Sisi nao tunasema Wahindi na Wahindi Wekundu, kosa la Columbus lile lile aliyedhani kafika India tumelirithi mpaka kwenye lugha yetu, kwahiyo hapo huhitaji maelezo.

Ila nina neno hapa. Habari ya makaburi ya wenyeji chini ya nyumba ya kizungu ilikuwa imeshachoka kufikia 1990, kitabu cha Amityville kiliigusa, The Shining ya 1980 iliweka hoteli juu ya makaburi hayo, na watu wengi wanakumbuka Poltergeist ya 1982 kuwa nayo ingawa kwenye Poltergeist ni makaburi ya kawaida, mjenzi alihamisha mawe akaacha maiti. Katuni inacheka uchovu huo na inacheka vizuri. Lakini makaburi yenyewe hayakuwa utani. Mifupa ya wenyeji wa Marekani ilikuwa imejaa kwenye makabati ya makumbusho na vyuo, watu wao wakiidai miaka mingi, na sheria ya shirikisho ya kuwalazimisha wairudishe ilisainiwa na Rais Bush, yule baba, tarehe 16 Novemba 1990. Hesabu mwenyewe, wiki tatu na siku moja baada ya epizodi hii kuruka. Swartzwelder aliandika utani wake nchi ikiwa katikati ya jambo hilo na akalipita kwa majina ya kuchekesha kwenye mawe. Waliozikwa mle hawasemi kitu katika kisa chote, nyumba inaongea, dalali anaongea, tundu la jikoni linaandika barua, wao kimya. Naipenda sana hii kazi na bado hapo naona ilipungua.

Tuendelee. Nyumba sasa imechoka na ujanja, inatoa tishio kubwa la mwisho, inawaeleza watakavyokufa taratibu, matumbo yatavimba, macho yatapasuka, na kuna kitu kibaya kitatoka puani ambacho huenda ni ubongo. Huenda! Hata yenyewe haina uhakika na anatomia. Na hapo Marge anafika mwisho. Anaifokea nyumba, anaiambia inyamaze, iache kuwaburuza, iache maneno machafu, iwe na adabu. Nyumba inashtuka, haijawahi kuongeleshwa hivyo. Halafu sauti ya Marge inashuka, na hii ndo sehemu ninayotaka uiangalie kwa makini, anaanza kuiongelesha kama mtu mwenye matatizo, anaiambia inaonekana huna furaha, jaribu kutuheshimu, tutakaa pamoja kwahiyo zoea tu.

Wamarekani wakiangalia hapo wanaona mama wa nyumbani anapatanisha. Mimi nimekulia Pwani naona kitu kingine. Kwetu pepo akipanda hafukuzwi kwanza, anaongeleshwa. Fundi, yaani mganga, anamuuliza wewe nani, umetoka wapi, unataka nini, naye anasema, anataka kitambaa chekundu, anataka marashi, anataka mbuzi, na kuna mapatano, akiridhika anatulia au anabaki humo humo kwa masharti. Yaani mkataba. Muvi za kutisha za Hollywood hazina hicho kitu kabisa, kwao kuna padri na vita, anayeshinda na anayeshindwa, tangu The Exorcist ya 1973 ndo njia hiyo. Halafu mke wa Homer kwenye katuni anafanya kile ambacho bibi yangu angekiona ni kawaida kabisa, amekaa chini na kilichomo ndani ya nyumba ili wajue watakaaje. Hajaenda na biblia wala maji ya baraka. Kaenda na masharti.

Tofauti ni kwamba kwetu masharti anayatoa pepo. Hapa anayatoa mama, na pepo ndo anaomba muda. Kweli, nyumba inawaambia naomba dakika chache nifikirie. Familia inatoka nje inasubiri kwenye nyasi kama watu wanaosubiri majibu hospitali. Nyumba inajiongelesha peke yake, inajaribu kupima maisha na akina Simpson yatakuwaje, inaona hakuna njia, na mbele ya macho yao inajikunja, inajimeza yenyewe yote na paa na madirisha, mpaka panabaki kiwanja kitupu. Poltergeist inaisha na nyumba kujimeza pia, pale wewe unashukuru familia imepona. Hapa unaihurumia nyumba.

Nimesema ukumbuke kwamba anayesimulia ni Bart. Mtoto anatunga stori ya kumtisha dada yake, ana uhuru wa kumfanya shujaa yeyote anayemtaka, na katika stori yake yeye mwenyewe anabeba kisu, baba yake anabeba shoka, na anayeokoa kila mtu ni mama, bila silaha, kwa kugomba tu. Hakuna anayelisema hilo kwenye katuni, limekaa tu pale.

Halafu Lisa, wamesimama wanaangalia palipokuwa na nyumba, anasema imeona bora ijiangamize kuliko kuishi na sisi, na mtu unajisikia kidogo kama umekataliwa. Homer hajibu. Nyumba imeondoka na ile bei imeondoka nayo.